Gari Lisilo na Dereva na Mteremko wa Kitonga

Mzazi wa Mbeya au Iringa akisikia kuna elimu ya kuunda magari yanayojiendesha, huenda akasema hiyo ni habari ya Marekani. Sisi tunaona inamhusu. Barabara kuu iendayo Zambia hupita mikoa yote miwili, na katika miteremko ya Kitonga na Iwambi, malori yaliyokatika breki yameacha misiba katika nyumba nyingi.

Mwanafunzi anayeanza elimu hii chuoni hujengewa kwanza hisabati na fizikia, kisha huingia katika maswali matatu: gari liko wapi, mbele yake kuna nini, na sasa lifanye nini? La kwanza hujibiwa kwa satelaiti na vipimo vya magurudumu. La pili kwa kamera na rada. La tatu kwa programu ya kompyuta, inayolinganisha mwendo uliokusudiwa na mwendo uliopo, ikasahihisha tofauti mara nyingi kila sekunde. Gari liendalo kilomita 60 kwa saa hukata takriban mita 8 katika nusu sekunde. Programu ikichelewa kiasi hicho, mtoto anayevuka barabara hana salama.

Elimu hii ilihitaji subira. Katika mashindano ya jangwani Marekani mwaka 2004, hakuna gari lililomaliza safari; mwaka 2005 yalimaliza matano. Wala si ngeni kwetu Waislamu: neno algorithimu, yaani hatua zinazofuatwa na kompyuta, limetokana na jina la Al-Khwarizmi wa Baghdad, na Al-Jazari alikamilisha kitabu chake cha mitambo mwaka 1206.

Msingi wake uko karibu. Chuo Kikuu cha Sayansi na Teknolojia Mbeya hufundisha uhandisi wa mitambo, umeme na kompyuta. Hata kabla magari hayo hayajafika kwetu, ujuzi huohuo unaweza kuunda kifaa cha kumwonya dereva wa lori kuwa breki zimepata moto kupita kiasi.

Kuhifadhi uhai ni miongoni mwa makusudio makuu ya Sharia, na mwandishi wa programu ya breki amebeba amana ya abiria asiowajua. Basi kijana wetu, wa kiume au wa kike, anapotaka kuiacha fizikia baada ya kidato cha pili kwa kuambiwa ni ngumu, tumtafutie mwalimu wa kumsaidia kabla ya kumkubalia. Mlango ukifungwa hapo, kuufungua baadaye ni kazi.