Kabla ya kununua injini mpya, fungua klachi

Mama mmoja muuza viazi wa hapa Katuna, mpakani mwa Uganda na Rwanda, alinijia asubuhi moja akiwa amekunja uso.

"Fundi, nimeibiwa," akasema. "Waliniambia kigari hiki kinafika kilomita 100 kwa saa. Hapa hakipiti 60, na fundi mwingine anataka pesa za injini mpya."

Kilikuwa kimoja cha vile vigari vya magurudumu manne vya kupita porini, ambavyo wazungu huviita saidi-bai-saidi kwa sababu dereva na abiria hukaa bega kwa bega. Alikiagiza kutoka Ghuba, kikiwa kimetumika, ili kimteremshie viazi kutoka vilimani hadi barabara kuu. Mimi nilirudi nyumbani baada ya miaka kadhaa ya kutengeneza vigari kama hivyo, vinavyokodishwa kwa watalii jangwani. Sikugusa injini. Nilifungua kifuniko cha klachi.

Vigari vingi vya aina hii havina pedali ya klachi. Vina puli mbili na mkanda wa mpira, kama skuta. Puli ya mbele imefungwa kwenye injini, ya nyuma kwenye giaboksi. Kila puli ina sahani mbili zinazoweza kukaribiana au kuachana.

Ndani ya puli ya mbele mna vyuma vidogo vyenye uzito. Injini ikizunguka kwa kasi, vyuma hivyo hutupwa nje na kuzisukuma sahani zikaribiane. Mkanda hupanda kuelekea ukingoni, na kwenye puli ya nyuma huzama ndani. Wakati wa kuondoka, injini huzunguka takriban mara tatu ili puli ya nyuma izunguke mara moja. Mkanda ukifika juu kabisa, puli ya nyuma huizidi injini kidogo kwa kasi.

Hapo ndipo ulipo ukomo. Mkanda ukishafika ukingoni, hakuna gia nyingine iliyobaki. Mwendo huongezeka tu injini ikizunguka zaidi, mpaka kompyuta yake iizuie. Na kama mkanda haufiki ukingoni, kigari hakitapata mwendo wake hata kama injini ni nzima.

Kigari cha mama yule kilikuwa na kasoro mbili. Kwanza, mkanda ulikuwa umelika pande zote mbili. Mkanda uliopungua upana huzama kwenye puli, hivyo haupandi hadi mwisho. Pili, vyuma vyake vilikuwa vya usawa wa bahari. Vilima vya Kabale viko karibu mita 2,000 juu, ambako hewa ni nyepesi na injini kama ile hupoteza karibu moja ya tano ya nguvu zake. Vyuma vizito viliupandisha mkanda mapema mno, injini ikalemewa, kama mtu anayepanda mlima kwa baiskeli iliyowekwa gia ya tambarare.

Nilibadilisha mkanda, nikaweka vyuma vyepesi zaidi. Tulipokijaribu, kilifika 80.

"Na 20 zilizobaki?" mama akauliza.

Nikamweleza kwamba hewa ya huku haitazirudisha. Kijana mmoja aliyekuwa akitazama akashauri vyuma vipunguzwe tena. Nilikataa, kwa kuwa kosa hilo nimeshalifanya. Kule jangwani mteja alitaka injini ingurume, nami nikavipunguza kupita kiasi. Injini ililia hadi mwisho wa mizunguko yake, lakini vyuma havikuwa na uzito wa kuusukuma mkanda hadi juu. Kelele ziliongezeka, mwendo ukapungua, na vyuma vingine nikavilipia kwa mshahara wangu.

Mkanda huu si jambo geni. Kampuni ya DAF ya Uholanzi ilionyesha gari dogo la namna hiyo mwaka 1958. Wapo waliojaribu kuukwepa: mwaka 2015 Yamaha ilitoa YXZ1000R yenye gia 5 na klachi ya kukanyaga. Hata hivyo, wengi wamebaki na mkanda, maana hujibadilisha wenyewe na dereva hahitaji ujuzi mwingi.

Kwa hiyo wewe unayerudi nyumbani na akiba yako, au unayetaka kuagiza kigari cha biashara, usiulize tu kinakimbia ngapi. Uliza kimetumika wapi, kwenye mchanga wa pwani au milimani. Omba kifuniko kifunguliwe upime upana wa mkanda, ukilinganisha na kitabu cha kigari. Kumbuka pia kwamba matairi makubwa huilemea klachi. Ukipanda mlima na mzigo, weka gia ya L, kwa sababu mkanda unaoteleza huungua. Ukisikia harufu ya mpira, simama upoe.

Wiki mbili baadaye nilimkuta mama yule sokoni. Lori linalobeba viazi vyake huondoka saa kumi na mbili asubuhi, na mwezi uliopita lilimwacha mara tatu, viazi vikamchipukia kwenye magunia. Nilimuuliza kama kigari bado kinafika 80.

"Mwanangu, sijaangalia," akajibu. "Ila lori halijaniacha tena."