Mstari Mwekundu Kwenye Kipimo cha Malaria

Wazazi wenzetu, ni nyumba gani ya Bangale haijakesha na mtoto mwenye homa? Asubuhi twafika kituo cha afya, mhudumu huchoma kidole, hutia tone la damu kwenye kipande cha plastiki, nasi twangoja mistari. Ni kama robo saa tu, lakini moyo huwa juu juu.

Ule wekundu hutoka katika dhahabu. Si dhahabu ya bangili zetu, bali chembe za makumi ya nanomita. Na nanomita ni sehemu moja ya milioni ya milimita. Dhahabu ikiwa ndogo kiasi hicho huacha umanjano wake, ikawa nyekundu. Chembe hizo hubandikwa kingamwili zinazonasa protini ya kimelea cha malaria, kisha hukusanyika mahali pamoja na kuchora mstari. Kifaa cha namna hii huitwa baiosensa. Kipimo cha mimba cha dukani ni ndugu yake. Mstari wa uthibitisho usipotokea, kipimo hicho hakifai, tuombe kingine. Tena, kwa vipimo vingi, mtoto aliyekwisha kupona huweza kuonyesha malaria kwa majuma kadhaa, kwa kuwa protini ile hukawia damuni.

Jirani zetu wa Uganda wameigusa elimu hii wakiwa wangali wanafunzi. Brian Gitta alikuwa akisomea kompyuta Chuo Kikuu cha Makerere alipougua malaria, na vipimo vya damu vikashindwa kuigundua mara kadhaa. Yeye na wenzake wakaunda Matibabu, kifaa kinachobanwa kidoleni na kutafuta alama za malaria kwa mwanga na sumaku, pasipo sindano. Mwaka 2018, akiwa na miaka 24, alitunukiwa jijini Nairobi Tuzo ya Afrika ya Ubunifu wa Uhandisi. Tuzo si mwisho wa kazi. Kifaa cha tiba hujaribiwa sana kabla ya kuaminiwa.

Hawakuwa madaktari, wala hawakungoja shahada ya uzamivu. Nasi twakiri kwamba majumbani mwetu binti huiacha fizikia mapema, na mara nyingi si kwa kushindwa kwake, bali kwa neno letu. Safari ijayo ya kituoni, tumchukue naye, tumwombe mhudumu amwonyeshe mistari ile, na maswali aulize mwenyewe.