Jicho Linajua Njia Liliyoipita

Ndugu msomaji, jioni ya leo fanya jaribio kidogo. Kamata chokaa, andika juu ya ubao neno YESU, na chini yake neno RIBA. Funika yote mawili kwa karatasi. Mwite mtoto wako, umfunulie neno moja kwa nukta moja tu, kisha ufunike tena. La kwanza atalitaja mara moja. La pili atakuomba ufunue tena.

Kwa nini? Yote mawili yana herufi nne! Lakini moja macho yake yamekwisha kuliona mara mamia, ukutani, katika kitabu cha nyimbo, kila siku.

Mwaka 1952, Solomon na Postman, wataalamu wa Marekani, walitunga maneno yasiyo na maana yoyote. Watu waliyasoma, mengine mara 1 tu, mengine mpaka mara 25. Kisha waliyaonyesha kwa muda mfupi sana. Yale yaliyosomwa mara nyingi ndiyo yalitambuliwa upesi zaidi. Sikia vizuri: maneno bila maana!

Sasa, kwetu Malemba-Nkulu kuna mama ambaye kitabu chake cha pekee ni Biblia ya Kiluba. Neno Leza analisoma bila kulitazama sana. Mpe karatasi ya dispansari yenye neno «paludisme», anasimama, anasema macho yamezeeka. Hapana, mama. Macho ni yale yale. Na mtoto ambaye nyumbani haoni hata neno moja la Kifaransa, anasoma polepole mbele ya ubao, wenzake wanacheka, baba anasema ana kichwa kigumu. Baba, umempa nini cha kusoma nyumbani?

Lakini mazoea yanadanganya pia. Siku moja mbele ya kanisa nilisoma neno ambalo halikuandikwa pale. Jicho lilichagua lile lililozoea. Watu walicheka tu. Kwa dawa si kicheko: mwenye kuzoea «quinine» anaweza kuona quinine mahali pameandikwa «chloroquine». Pale soma herufi kwa herufi, hata kama unajua sana.

Kwetu nyumbani tulibandika majina juu ya vyombo. Kitinda mimba wetu, ambaye hajaanza masomo, anasoma CHUMVI juu ya kopo. Ukimwandikia chumvi kwa herufi ndogo juu ya karatasi ingine, bado anakuangalia tu.