Treni ya bustani ikijiendesha, nani anajua iko wapi?

Ukisikia treni ya kuchezea labda unawaza ile ya betri mbili inayozunguka chini ya meza. Sahau hiyo. Tangu 1968, Wajerumani wa Lehmann walipoanza kuuza treni za LGB, kuna watu Ulaya na Marekani wanaolaza reli za shaba nje kabisa, katikati ya maua, upana milimita 45, zinanyeshewa na kuchomwa na jua. Kichwa kimoja cha treni hizo kinaweza kwenda mamia ya euro. Sasa mwenye vichwa vitatu akitaka vijiendeshe vyenyewe huku yeye anakunywa chai, anacheza na doo ndefu. Vikigongana uso kwa uso, hasara ni yake.

Mfumo wa kawaida siku hizi unaitwa DCC. Zamani ukiongeza umeme kwenye reli, kila treni iliyo juu yake inaondoka. Kwa DCC, umeme uko kwenye reli muda wote na amri zinapita ndani ya umeme huohuo. Kila kichwa kina dikoda yenye anwani (nyingi zikitoka kiwandani huwa namba 3). Ukituma "namba 3, mbele, kasi 40", namba 5 inasikia, inajua si yake, inanyamaza.

Poa. Lakini DCC ya kawaida ina mdomo tu, haina macho. Inaamuru treni bila kujua treni iko wapi. Watu wengi wanaotaka kujiendeshea treni hukimbilia kubishana kuhusu programu, na kwa maoni yangu hapo wanaanza na mwisho. Anza na macho.

Ndani ya nyumba njia maarufu ni kukata reli vipande vipande kiumeme, kisha kupima kipande kipi kinakula umeme. Kinachokula kina treni. Nje mambo ni tofauti. Kokoto zikilowa, umeme unaweza kuvuja kati ya reli mbili na mfumo ukaona treni ya mizimu. Sensa za mwanga usioonekana nazo hubabaishwa na jua. Ninayoipa kura ni ya kishamba kabisa: sumaku chini ya kichwa, na swichi ya sumaku iliyofichwa kati ya mataruma. Matope, majani, mvua, haijali. Shida yake ni kwamba inakuambia treni imepita hapa, haikuambii kama mabehewa mawili yameachwa nyuma. Kwa hivyo weka sumaku nyingine kwenye behewa la mwisho.

Ukishapata macho, ubongo si kazi ngumu. Kama unataka treni moja tu iende na kurudi, huhitaji hata DCC: dayodi moja kila mwisho wa reli na saa ya kugeuza umeme, basi. Ukitaka zaidi, kuna DCC-EX, programu huria inayokaa kwenye Arduino Mega. Bodi hiyo utaipata kwa maduka ya elektroniki ya Luthuli Avenue, si lazima uagize Ujerumani. Ndani yake kuna EXRAIL, lugha fupi ya kuandika safari. RESERVE inashika kipande cha reli, FREE inakiachilia, na treni ya pili inangoja zamu. Ndiyo kanuni ya reli kubwa pia, kipande kimoja treni moja. Angalia tu bodi ya kuendeshea mota, kwa sababu ile ya kawaida ya Arduino ni ndogo kwa treni za bustani zinazotaka volti 18 na zaidi.

Halafu kuna JMRI, ya kompyuta, ambayo hata Raspberry Pi inaibeba. Hii ina historia ambayo kila mtu wa GitHub angejua. Mwandishi wake, Bob Jacobsen, alienda kortini mtu alipotumia kazi yake bila kufuata masharti ya leseni. Mwaka 2008 mahakama ya rufaa Marekani ikasema masharti ya leseni huria yanaweza kulindwa na sheria ya hakimiliki. Treni za kuchezea, msee!

Wengine wameamua reli isibebe umeme kabisa: betri ndani ya treni, amri kwa redio au waifai. Unasahau kusugua reli kila wikendi. Kupima umeme wa reli hakutakusaidia tena, ila sumaku zako zinaendelea na kazi.

Na kama huna hata mita moja ya reli, JMRI inakuruhusu kuigiza mfumo mzima kwenye laptopu. Chora njia, weka treni mbili zisizokuwepo, uone kama zitagongana.