Ukinunua Kidogo Kidogo, Unalipa Mingi



Juma lililopita, kiisha mkutano, mama mmoja alituonyesha kwenye simu picha za duka ambamo binti yake ananunua chakula kule Ujerumani. Tulishangaa. Duka halina mapambo yoyote. Mchele na unga viko ndani ya makartoni yaliyopasuliwa upande mmoja tu, na kila mtu amekuja na mfuko wake. Mama akauliza: «Na hapa kwetu Butembo, duka la namna hii litafika lini?»

Tuanze na kuelewa namna gani duka lile linauza bei chini. Linaitwa Aldi. Mwaka 1913 mama mmoja, Anna Albrecht, alifungua duka dogo la chakula katika mji wa Essen, mji wa wachimba makaa ya mawe. Mwaka 1946, kiisha vita, watoto wake Karl na Theo walilichukua. Feza zilikuwa chache kwa kila mtu. Basi waliweka aina chache za vitu, wakanunua kila aina kwa wingi, wakaacha matumizi yote yasiyo ya lazima. Jina Aldi lilikuja mwaka 1962, na leo maduka yao yako katika inchi nyingi.

Siri hizo wafanyabiashara wetu wa Butembo wanazijua vizuri. Asiyeweza kujaza kontena peke yake kutoka Dubai au China anaungana na wenzake. Kontena moja, wenye mali wengi. Inashuka Mombasa, inapita Kenya na Uganda, inaingia Kasindi. Kama wao wanagawana kontena, sisi tunashindwa nini kugawana gunia?

Tuangalie safari ya sukari. Toka Kasindi mpaka Beni ni kilometa 80, na toka Beni mpaka Butembo ni 54. Gari linalipwa, ushuru unalipwa, mwenye depo anatwaa faida yake. Kiisha butiki inatwaa yake, na mwenye meza ya mtaani naye yake, maana watoto wake pia wanakula. Wewe unayenunua kopo moja jioni unawalipa wote hao.

Tufanye hesabu. Hii ni mfano tu, bei ya juma hili uliza mwenyewe. Tuseme gunia la mchele la kilo 25 kwenye depo ni franka 60 000. Kilo moja inakuwa 2 400. Tuseme mtaani kilo hiyo ni 2 800. Wamama watano wakigawana gunia, kila mmoja anapata kilo 5 kwa 12 000, pahali pa 14 000. Motari wa kuleta gunia akilipwa 2 000, kila mama anatoa 400. Kinachobaki ni 1 600 kwa kila mmoja. Ni kidogo, lakini ongeza maharagi, sukari, chumvi, mafuta na sabuni, na urudilie kila mwezi. Pale ndipo daftari na kalamu za mtoto zinapotokea. Lakini kila mama akipanda motari wake kwenda depo peke yake, faida yote inaishia barabarani.

Si kila kitu ni cha kununua kwa gunia. Mchele, maharagi makavu, sukari, chumvi na sabuni vinakaa. Unga wa mihogo unataka uangalifu: Butembo kuna baridi na mvua mingi, na unga uliowekwa chini kwenye sakafu unaota ukungu. Uweke juu ya mbao, mbali na ukuta. Nyanya, lengalenga, sombe na samaki wabichi wa Kyavinyonge, nunua vya siku mbili tu. Bei ya chini haina maana kama nusu inaenda kwenye takataka.

Na bei ya chini sana iulizwe sababu yake. Mimi mwenyewe nilinunua siku moja karto ya nyanya za kopo, nikafurahi njia nzima. Nyumbani nikasoma tarehe: zilikuwa zimebakiza siku chache tu. Tulikula nyanya asubuhi na jioni, kiisha nikatupa zilizobaki. Tangu siku hiyo nafanya mambo manne kabla ya kutoa feza: nasoma tarehe, natazama kama gunia limeshonwa upya, naomba lipimwe kwenye mizani, na kama bei ni ya dola, nauliza wanahesabu dola kwa franka ngapi.

Sasa tufike kwenye shida yenyewe. Mama anayepata feza yake kila jioni hawezi kutoa 12 000 kwa mara moja. Ananunua kopo kwa sababu feza ya kopo ndiyo anayo mkononi. Tusimwambie kwamba hajui hesabu. Kwake njia ni ile tunayoizoea: likelemba, ao AVEC. Mia tano kila siku kwa siku 24, na fungu lake la mchele limelipwa. Lakini kanuni ziwe wazi: majina yaandikwe, wamama wawili waende pamoja kununua, risiti isomwe mbele ya wote, mchele ugawanywe mbele ya wote, na asiyelipa asipewe kwa deni. Vikundi vingi vinavunjika kwa kutoaminiana, hata kama mwizi hakuwapo.

Kuna swali lingine, na ni gumu. Dada yetu mwenye meza pale mtaani atakula nini kama sote tunaenda depo? Yeye pia ni wa chama chetu. Wazo langu ni hili: yeye anajua depo zote na ana mizani. Tumpe kazi ya kuleta na kugawa, na kila mmoja amtolee kitu kidogo. Na mboga na nyanya tuendelee kuzinunua kwake.

Neno la mwisho ni kwa wamama wa Beni na wa upande wa Lubero. Tangu Kanyabayonga ilipochukuliwa na M23 mwezi wa 6 mwaka 2024, tumeona jinsi barabara ikikatika, bei zinapanda mara moja. Gunia nyumbani linasaidia siku hizo. Lakini mahali ambapo watu wanalala wakiwa tayari kukimbia, usiweke feza yako yote kwenye gunia. Gunia la kilo 25 halibebwi pamoja na mtoto mgongoni. Huko, mgawane vya juma moja ao mbili.

Kwa mkutano ujao, kila mama alete karatasi ambamo ameandika kila kitu alichonunua kwa siku saba, na bei yake. Usione haya kama ni kopo moja moja. Tutajumlisha pamoja, tuone gunia la kwanza liwe la nini.