Lugha ya mama huenda wapi mwandishi anapoazima lugha ya mtawala?

Mwaka 1974, Tanzania Publishing House ya Dar es Salaam ilichapisha riwaya ya Ismael Mbise, Mmeru, iitwayo Blood on Our Land. Inahusu Wameru kufukuzwa katika ardhi yao ya Ngarenanyuki, chini ya Mlima Meru. Imeandikwa kwa Kiingereza, lugha ya serikali iliyowafukuza. Kwa nini iwe hivyo?

Kilichotokea Ngarenanyuki

Novemba 1951, serikali ya kikoloni ya Tanganyika iliwaondoa takribani watu 3,000 ili eneo hilo wapewe walowezi wa Kizungu. Nyumba zilichomwa moto. Mwaka uliofuata Kirilo Japhet alisafiri hadi New York kuwasilisha malalamiko ya Wameru mbele ya Umoja wa Mataifa. Akiwa na wakili Earle Seaton, mzaliwa wa Bermuda, baadaye aliandika kitabu kuhusu kesi hiyo, kilichotoka mwaka 1967.

Katika nyaraka za serikali, eneo hilo liliitwa Shamba Namba 31 na Shamba Namba 328. Kwa wenyeji lilikuwa Ngarenanyuki, jina lenye asili ya Kimaasai linalomaanisha maji mekundu. Kwa Mmeru kuna pia neno kihamba: ardhi ya ukoo yenye migomba na nyumba, anayoachiwa mtoto na wazazi. Ukilifasiri neno hilo kuwa "shamba" tu, umeshapoteza nusu ya kesi. Shamba lenye namba unaweza kumhamisha mtu na kumpa lingine kwingineko. Kihamba hakina mbadala.

Mbona basi Kiingereza?

Sababu ya kwanza ni msomaji. Kitabu cha Kiingereza kingeweza kusomwa Nairobi, Kampala na Lagos, kwa watu ambao nao walikuwa wamenyang'anywa ardhi au walijua maana yake. Sababu ya pili ni kumbukumbu. Amri, ripoti na mijadala ya kesi ya Meru viliandikwa kwa Kiingereza, na anayetaka kujibu maandishi hulazimika wakati mwingine kujibu kwa lugha ya maandishi hayohayo.

Hata hivyo kuna gharama. Wazee waliobeba habari za mwaka 1951 walizisimulia kwa Kimeru na Kiswahili. Wengi wao wasingeweza kuisoma riwaya inayowahusu.

Waarabu wanaoandika Kiebrania

Jambo hili si la Meru peke yake. Mwaka 1986 Anton Shammas, Mpalestina kutoka kijiji cha Fassuta huko Galilaya, alitoa riwaya kwa Kiebrania, ambayo kwa tafsiri inajulikana kama Arabesques. Baada yake akaja Sayed Kashua, mzaliwa wa mji wa Tira, ambaye naye aliandika riwaya zake kwa Kiebrania. Lugha ya kwanza ya wote wawili ni Kiarabu.

Hapo kuna swali zito: Kiebrania ni mali ya nani? Mwarabu anapokiandika kwa ufasaha na kukitia simulizi za kijiji chake, analazimisha lugha hiyo itaje watu na mahali ambapo ingeweza kupapita kimya. Ujamaa wa lugha hizi mbili husaidia, kwa kuwa zote ni za Kisemiti na zina mizizi mingi ya maneno inayofanana.

Neno lisilofasiriwa

Karibu na sisi, mfano ulio wazi ni Abdulrazak Gurnah, mzaliwa wa Zanzibar aliyepata Tuzo ya Nobel ya Fasihi mwaka 2021. Katika Paradise, riwaya yake ya mwaka 1994, kijana Yusuf anachukuliwa na tajiri Aziz kwa sababu ya deni la baba yake. Ndani ya Kiingereza cha Gurnah limo neno rehani. Lilitoka Kiarabu, likawa Kiswahili, na sasa linamfanya msomaji wa London asimame kidogo. Angeweza kuandika neno la Kiingereza, lakini rehani inabeba desturi nzima ya biashara ya pwani, ambamo hata binadamu aliweza kushikiliwa kwa deni.

Kwa hiyo lugha ya mama haiachwi mlangoni. Huonekana katika majina ya mahali, katika namna ya kumwita mkubwa, katika methali, na zaidi katika neno ambalo mwandishi amekataa kulifasiri. Ukikutana na neno la namna hiyo, usilirukie. Mara nyingi ndipo ugomvi wenyewe ulipo: ardhi, deni au heshima.

Safari ya kurudi

Kitabu kinaweza pia kurudi nyumbani. Mwaka 2022 Paradise ilitoka kwa Kiswahili kwa jina la Peponi, tafsiri ya Ida Hadjivayanis, na rehani ikawa tena miongoni mwa ndugu zake.

Kwa upande wa Meru, safari hiyo ina haraka. Mtoto aliyekuwa na miaka 10 nyumba zilipochomwa Ngarenanyuki sasa amepita 80. Riwaya ya Mbise imehifadhi kisa kwa Kiingereza. Maneno ambayo babu na bibi walikisimulia nayo yanaweza bado kusikika, kama kuna mjukuu atakayekaa na kuuliza.