Muulize waziwazi: mawazo ya kujiua yana tiba

Kwa hesabu za Shirika la Afya Duniani, watu zaidi ya 720,000 hufa kila mwaka kwa kujiua, na kwa vijana wa miaka 15 hadi 29 hicho ni chanzo cha tatu cha vifo duniani. Karibu robo tatu ya vifo hivyo hutokea katika nchi za kipato cha chini na cha kati, zetu zikiwemo. Hata hivyo msiba wa namna hii ukitokea, nyumbani au huku ughaibuni, habari hupitishwa kwa minong'ono: alirogwa, alikosa imani, alikuwa na siri zake. Ninachotetea hapa ni kwamba mawazo ya kujiua ni hali ya kiafya yenye tiba inayojulikana, na kwa sisi tunaoishi Marekani, Kanada au Uingereza, kikwazo cha kwanza cha kuifikia tiba hiyo ni ukimya wetu wenyewe.

Anayewaza kujiua mara nyingi hatafuti kifo. Anataka maumivu yakome, na akili iliyochoka haimwonyeshi njia nyingine. Mawazo yenyewe yana ngazi. Yupo anayetamani tu alale asiamke, yupo anayewaza kujidhuru bila kupanga lolote, na yupo aliyekwisha kupanga. Huyu wa mwisho anahitaji msaada saa hiyo hiyo. Nyuma ya mawazo hayo huwa kuna sonona, ulevi, maumivu yasiyopoa, kumbukumbu za vita na kambi, uchovu wa mama aliyejifungua karibuni, au madeni yaliyofungamana na aibu ya kushindwa kutuma pesa nyumbani. Ni nadra sababu kuwa moja. Wengi hawajui kwamba kilele cha hatari huwa kifupi, pengine saa chache tu. Mwaka 1978 mtafiti Richard Seiden wa Berkeley, California, alichapisha ufuatiliaji wa watu 515 waliozuiwa wakiwa hatua chache kutoka kifoni. Miaka mingi baadaye, zaidi ya asilimia 90 walikuwa hai au wamekufa kwa sababu za kawaida. Anayesema "aliyekusudia atafanya tu" na aisome hesabu hiyo tena.

Ukimya wetu una historia, na sehemu yake iliandikwa kwenye sheria. Wakoloni Waingereza walituletea kanuni za adhabu zilizofanya kujaribu kujiua kuwa kosa la jinai. Wao kwao walilifuta Agosti 1961, miezi michache kabla ya uhuru wa Tanganyika, ila sisi tukabaki nalo. Kifungu cha 217 cha Kanuni ya Adhabu ya Tanzania kinalitaja hadi leo. Kenya ilikuwa na kifungu cha 226, chenye adhabu ya hadi miaka miwili jela, mpaka Jaji Lawrence Mugambi wa Mahakama Kuu alipotamka Januari 2025 kwamba kinapingana na Katiba. Sheria kama hiyo hufundisha familia kumdanganya daktari: "ameanguka tu," "alikosea dawa." Daktari aliyedanganywa hutibu jeraha na kumrudisha mtu nyumbani na kilichomleta. Hofu hiyo tumevuka nayo bahari, ingawa huku tuliko kujaribu kujiua si kosa la jinai.

Pingamizi ninalolisikia zaidi ni kwamba kumuuliza mtu habari hizi ni kumpandia wazo. Ni hofu ya watu wenye huruma, kwa hiyo inastahili jibu la kweli. Mwaka 2014 watafiti wa London walipitia tafiti zilizokuwa zimechunguza swali hilo hilo, na hawakuona kwamba kuulizwa kunaongeza mawazo ya kujiua. Zilikuwepo dalili kwamba huenda kunayapunguza. Basi ndugu yako akisema kwenye simu "nimechoka, bora nisingekuwepo," usimkatize kwa "usiseme hivyo, tumshukuru Mungu." Muulize: "Kaka, unawaza kujiua?" Kisha nyamaza umsikilize. Akijibu ndiyo, muulize kama amepanga, na kama ana kitu cha kujidhuru karibu. Akiwa amepanga, asiachwe peke yake. Kitu hicho kiondolewe, na simu ya dharura ipigwe.

Wengine watasema dawa ya haya ni sala. Sina ubishi na sala: imani na jamaa wa msikitini au kanisani huwashikilia watu wengi katika uhai. Ila mgonjwa wa kisukari tunamwombea na insulini anachoma, na sioni kwa nini mgonjwa wa sonona anyimwe haki hiyo. Wapo pia wanaoyaita haya mambo ya Wazungu. Hao ningewapeleka Harare. Huko daktari wa akili Dixon Chibanda aliwafundisha bibi wa mtaani kukaa na wagonjwa kwenye benchi nje ya zahanati na kuwasaidia kutatua shida zao moja moja. Utafiti uliochapishwa mwaka 2016, wenye washiriki 573, ulionyesha kwamba baada ya miezi 6 waliobaki na dalili za sonona walikuwa kama asilimia 14, dhidi ya 50 ya waliopata huduma ya kawaida.

Tiba yenyewe haina fumbo. Kuna mazungumzo ya kila wiki na mtaalamu, kuna dawa za sonona, ambazo huchukua wiki kadhaa kufanya kazi na zinataka uangalizi wa karibu mwanzoni, hasa kwa vijana. Kuna pia karatasi moja iitwayo mpango wa usalama. Mgonjwa na mtaalamu huandika humo dalili zake (silali, sipokei simu), kinachomtuliza (kutembea, kwaya, Kurani), watu wa kuwaendea, namba za kliniki, na namna ya kuondoa vya hatari nyumbani. Katika hospitali za maveterani wa Marekani, utafiti wa mwaka 2018 ulikuta kwamba waliopewa karatasi hiyo na kupigiwa simu za kuwajulia hali walikuwa na vitendo vya kutaka kujiua pungufu kwa karibu nusu.

Marekani piga 988, utaje lugha yako ili uunganishwe na mkalimani. Kanada pia ni 988, kwa Kiingereza na Kifaransa. Uingereza Samaritans wanapokea 116 123, na Befrienders Kenya wako kwenye 0722 178 177. Tanzania, nenda hospitali yenye kitengo cha afya ya akili, kama Muhimbili au Mirembe. Kwa wenye hofu ya makaratasi: hospitali za Marekani zenye chumba cha dharura zinatakiwa kisheria kumpima kila anayefika, awe na bima au asiwe nayo, na mkalimani ni bure. Mtoto asifanywe mkalimani wa maumivu ya mama yake. Na mgonjwa akiruhusiwa kutoka wodini, msihesabu kwamba yameisha, kwa kuwa wiki za mwanzo baada ya kutoka ndizo zenye hatari kubwa. Pangeni zamu: nani atalala kwake, nani ataweka dawa, nani atampeleka kliniki kwa miadi ya kwanza na kumsubiri mpaka atoke.